Meli Ikitia Nanga Maskati: Maswali Yenu ya Kushuka Nchi Kavu

Toleo lililopita niligusia mstari mmoja tu kwamba nilishuka Maskati kwa saa tisa nikarudi melini na furushi la ubani na miguu imevimba, basi mmenijazia maswali mpaka mhariri kaniambia safu yote ya mwezi huu iwe hiyo hiyo. Sawa. Nimechagua machache, mengine yalikuwa yanafanana. Na kwa wale mtakaoona kibao kimeandikwa Muscat, ndo huko huko, mji mkuu wa Oman.

Kijana, habari za kazi. Watoto wetu wametulipia mimi na mke wangu safari ya meli kutoka Dubai, na siku moja tutashinda Maskati, inafika saa moja asubuhi inaondoka saa kumi na mbili jioni. Kampuni ya meli inatuuzia ziara ya nusu siku kwa bei ambayo mke wangu kaiita wizi wa mchana. Tukubali au tujitembeze wenyewe? – Mzee wa Tanga

Shikamoo mzee, na mama naye shikamoo yake, kwa sababu kwa upande huu nakubaliana naye kabisa.

Hebu kwanza tuelewane mnauziwa nini. Zile ziara za meli zina kitu kimoja tu ambacho nyie wenyewe hamuwezi kujipa: basi lao likikwama njiani, kwa kawaida meli inawasubiri. Ukienda kivyako ukachelewa, meli inaondoka na masanduku yako, na we unabaki gatini unaipungia mkono, afu gharama za kuikimbilia bandari inayofuata ni juu yako. Hicho ndo mnacholipia, sio basi wala sio yule kijana wa kipaza sauti. Kuna miji ambako mi nalipa bila kunung'unika, ile ambayo bandari iko huku na vya kuona viko saa mbili huko. Maskati siyo hivo. Bandari ya Sultan Qaboos iko Matrah penyewe, ndani ya mji, ukitoka getini tu soko la samaki hili hapa, barabara ya ufukweni hii hapa, na kwenye soko kubwa la Matrah mtafika kwa miguu dakika kumi, kumi na tano mkienda kwa mwendo wa kusimama simama. Mwaka 2014 shehena za biashara zilihamishiwa bandari ya Sohar, hapa pakaachiwa watalii, kwa hiyo hata mandhari siyo ya makontena.

Ndani ya bandari hamruhusiwi kutembea kwa miguu lakini, kuna basi la bure linawatoa kwenye ngazi ya meli mpaka getini. Nje ya geti ndo mtakutana na madereva wa teksi, gari nyeupe zenye rangi ya machungwa, na watawajia kwa wingi. Msikimbilie wa kwanza. Mpatane bei ya gari zima, sio ya kila kichwa, iwe ya kwenda na kusubiri na kurudi, na hapa mzee nisikilize vizuri: mpatane kwa rial na muitaje hiyo rial kwa mdomo. Dereva akisema "ishirini" we kichwani unapiga hesabu ya dola, yeye ana maana ya rial, na rial moja ya Oman ni kama dola mbili na senti sitini, kwa hiyo ishirini yake ni dola 52. Nimeona mzungu mmoja mzima, mtu wa makamo, anakaribia kulia pale getini kwa ajili ya hiyo ishirini. Kuna pia appu ya teksi ya huko huko inaitwa OTaxi, bei unaiona kabla hujapanda, ila lazima simu iwe na intaneti.

Mpango wangu kama ningekuwa nyie: mkishuka tu chukueni teksi moja kwa moja hadi Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, ndo kitu pekee kilicho mbali, kilomita ishirini na kitu, nusu saa hivi barabara ikiwa nyeupe. Mkirudi apitie Maskati ya zamani mkaone kasri la Al Alam kwa nje, lile la nguzo za buluu na dhahabu lililojengwa 1972, na zile ngome mbili za Mreno zilizolibana kushoto na kulia, Jalali na Mirani. Afu awashushe sokoni Matrah kabla ya saa saba mchana maana maduka mengi yanafunga mpaka saa kumi jioni. Hapo teksi mmeshaimaliza, dereva kaenda zake, meli mnaiona kwa macho, kilichobaki ni kula samaki na kurudi polepole. Kwenye tiketi kutakuwa na saa ya mwisho ya kuwa melini, huwa ni nusu saa au saa nzima kabla ya kuondoka. Iangalie hiyo, sio ile ya kuondoka. Na saa yako ya mkononi uifananishe na saa ya meli, usiifananishe na simu, simu inajibadilisha yenyewe meli inaamua yenyewe.

Mimi ni Mkristo, naruhusiwa kuingia ule msikiti mkubwa? Na nivae nini, nisije nikaaibika. – Dada wa Nakuru

Unaruhusiwa dada, karibu sana, wasio Waislamu wanapokelewa Jumamosi mpaka Alhamisi asubuhi, saa mbili hadi saa tano. Ijumaa hapana. Narudia, saa TANO asubuhi, kwa sababu kwenye karatasi za meli wanaandika 8:00 mpaka 11:00, na mwenzangu mmoja niliyekuwa naye meza moja ya chakula, Mswahili safi, kaisoma ile kumi na moja kama saa kumi na moja ya jioni, akalala mpaka mchana akitegemea atakwenda alasiri. Alifika akakuta mlango wa wageni umefungwa zamani. Tulimcheka mpaka Bahrain.

Kuvaa: nywele zifunikwe zote, mikono mpaka kwenye viganja, miguu mpaka chini, na kitambaa kisiwe cha kuonyesha ndani wala cha kubana. Kanga mbili na dira tayari umeshamaliza, huna haja ya kwenda kununua abaya, ingawa pale wanakodisha kwa waliokuja na suruali za kubana. Wanaume suruali ndefu, hakuna cha kaptula. Viatu unavua nje ya ukumbi kwa hiyo vaa vya kuchomoa, usivae vya kamba za mita mbili.

Ndani sasa. Mi siyo mtu wa kushangaa majengo, kusema kweli nilienda kwa sababu kila mtu alikuwa anaenda. Lakini lile zulia... limefumwa kwa mkono na wafumaji wa Iran, wanawake mia sita, miaka minne, mita 70 kwa 60, tani 21. Fundo zake ni bilioni 1.7. Kuna njia ya kitambaa imetandikwa juu yake ndo mnapita hapo, zulia lenyewe hamlikanyagi. Juu yenu taa moja yenye urefu wa mita 14 imening'inia, kubwa kiasi kwamba mafundi wana ngazi ndani yake za kupandia wakaifanyie usafi. Msikiti ulifunguliwa 2001 na ukumbi mkuu unaingia watu 6,500 wakiswali. Ukifika saa mbili kamili utakaa peke yako na ukimya wake, ukifika saa nne mabasi ya meli yameshamwaga watu na kila mtu anataka picha pale pale ulipo. Hii ndo sababu nyingine ya kuwahi na teksi, sikumwambia mzee pale juu.

Viza je? – wengi mmeuliza

Inategemea pasipoti yako, na masharti ya Oman kwa abiria wa meli yanabadilika, kwa hiyo waulize kampuni ya meli KABLA hujalipa na wakujibu kwa maandishi. Ila kuna mtego ambao watu wetu wengi wanaingia na hauna uhusiano na Oman kabisa: meli ikianzia Dubai ikaenda Maskati ikarudi Dubai, we umetoka Emarati na unaingia tena. Viza ya Emarati ya kuingia mara moja inakuwa imeshakufa. Omba ya kuingia mara nyingi. Ukienda bila hiyo wanaweza kukukatalia kupanda meli tangu siku ya kwanza, na nauli hairudi.

Mama yangu ana miaka 74, magoti yanamsumbua, hatembei zaidi ya dakika kumi. Nimwache melini au nimshushe? Joto nalo? – Mtoto wa mwisho, Mombasa

Mshushe! Asije akaona bahari tu wiki nzima kama yuko Likoni.

Joto linategemea mwezi. Meli za watalii zinakwenda Maskati kuanzia kama Oktoba mpaka Aprili kwa sababu hiyo hiyo, mwezi wa kwanza mchana ni nyuzi 25 hivi, kaupepo kanapita, mama atataka hata mtandio. Mwezi wa sita wa saba inapita 40 na hakuna mtu anayetembea mchana, hata paka.

Kwa magoti yake achana na soko, au mfikishe mlangoni tu aone aingie duka la mwanzo akae kwenye kiti, wauzaji wanawaheshimu sana wazee watampa kahawa na tende hata asiponunua. Mahali pake hasa ni Makumbusho ya Taifa, iko mkabala na kasri la Al Alam, ilifunguliwa 2016, ndani baridi, sakafu sawa. Afu ile barabara ya ufukweni Matrah ni tambarare na ina viti vya kukaa mkitazama majahazi na vyombo vya kifahari vya sultani vikiwa vimefungwa ng'ambo. Mama yangu mimi kwa mfano hapo ungemwacha saa tatu angekuwa hajamaliza kuwasema wapita njia.

Nanunua nini sokoni Matrah cha maana, kisicho cha kuchongewa watalii? – Mpenda vitu, Dar

Swali zuri maana nusu ya vilivyoko mbele mbele ni shali za India na sumaku za friji. Soko lenyewe wenyeji wengine wanaliita Al Dhalam, yaani giza, kwa vichochoro vyake vilivyoezekwa juu mwanga hauingii, na kadiri unavyozama ndani ndivo vitu vinavyokuwa vya kweli na bei inavyoshuka.

Ubani kwanza. Unatoka kwenye miti ya Dhofar, kusini kabisa ya Oman, mti unachanjwa gome, utomvu unatoka unaganda, ndo huo. Daraja la juu wanaliita hojari. Usiangalie mawe makubwa peke yake, angalia rangi: ule mzuri ni mweupe unaoelekea ukijani au ubuluu kidogo, unapitisha mwanga, hauna vipande vya magome. Ule wa njano iliyokolea au kahawia ni wa kufukizia nyumba tu, siyo mbaya, ila usilipie bei ya hojari. Mwambie auchome kidogo. Mzuri unanukia kama ndimu imepita karibu, mbaya unakukohoza. Wenyewe wanauloweka kwenye maji usiku wakanywa asubuhi, mi nilijaribu, ni uchungu uchungu wa msonobari, sijarudia.

Halua wala sikushauri wala sikukatazi, we unaijua ya nyumbani, hii yao ina zafarani na samli na maji ya waridi zaidi na wataalamu watagombana mpaka kesho ipi ilizaa ipi. Onja kwanza, wanakupa kijiko bure.

Jambia, ile ya fedha iliyopinda iliyoko kwenye bendera yao, ni nzuri kweli lakini jua haya. Moja, ni kisu, ukirudi melini walinzi kwenye mashine wanaichukua wanakuandikia karatasi unaipata siku ya mwisho, na kwenye ndege lazima iwe kwenye sanduku la chini. Mbili, ukiambiwa mpini ni pembe ya ndovu au ya kifaru weka chini uondoke, hata kama ni ya zamani, forodha za nchi nyingi zitaikamata na we pamoja nayo. Chukua ya mpini wa mbao au usichukue.

Kofia zao za kuma, zile za kudariziwa, angalia vitobo vimeshonwa kwa mkono au kwa mashine. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa hilo. Na jina lake likitamkwa dukani kwa sauti usicheke, mimi nilicheka na nikajuta.

Kupatana bei kunaruhusiwa, ila kwa adabu, sio Kariakoo. Punguza kidogo, cheka, kunywa kahawa, lipa. Ijumaa asubuhi soko karibu lote limelala, kwa hiyo meli yako ikifika Ijumaa umekosa msikiti na soko kwa mpigo, siku hiyo nenda ngome na baharini.

Kaka mi sitaki misikiti na masoko, nataka Wadi Shab, nimeona video. Au Nizwa. – Kijana, Arusha

Wadi Shab, lile bonde lenye maji kule milimani, ni saa moja na nusu mpaka mbili kwa gari kila upande, afu unavushwa na kaboti, afu unatembea kwenye mawe karibu saa nzima, afu ndo unaogelea mpaka kwenye lile pango la video. Piga hesabu na kurudi. Nizwa ni kilomita 160 na ngome yake ya karne ya 17 inastahili siku nzima. Kama meli yako inalala Maskati usiku, nenda. Kama ni siku moja na huwezi kutulia bila kwenda, hapo sasa ndo ununue ya meli, hii ndo ile bima niliyomwambia mzee wa Tanga haihitaji. Pancha moja kule milimani na we uko kivyako, meli imekwenda.

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi la Maskati, sisi watoto tulikuwa tunasimuliwa tu. Ni kweli watu kule wanaongea Kiswahili au ni maneno ya watu? – Bibi Mdogo, Lamu

Ni kweli bibi. Mi mara ya kwanza ilinikuta kwenye foleni ya mishkaki, na hilo neno ni lile lile wao wanasema mishkak, nimejikwaa nikasema "aa mamangu!" na mzee wa nyuma yangu mwenye kanzu nyeupe pee na kilemba kanijibu "pole mwanangu, hapo pana utelezi". Kiswahili cha Unguja mjini, kile cha kale, cha "nshafika" na "hebu nambie". Nikageuka kama nimeitwa na maiti.

Hadithi yake unaijua nusu, nami nikupe nusu nyingine. Mreno aliichukua Maskati 1507, zile ngome mbili nilizotaja kazimalizia miaka ya 1580, na Waarabu wa Oman wakamtoa 1650. Hawakuishia hapo, walimfuata mpaka kwetu wakaizingira Ngome ya Yesu Mombasa karibu miaka mitatu mpaka ikaanguka 1698. Zaidi ya karne moja baadaye Seyyid Said, sultani wa Oman, akaona Unguja kuzuri kuliko Maskati akahamishia kiti chake huko, na mikarafuu ikaja, na watumwa wa kuilima wakaja, tusilifiche hilo. Alipokufa 1856 wanawe wakagombana, Waingereza wakaamua 1861 Majid abaki na Unguja, Thuwaini abaki na Maskati, na Unguja imlipe Maskati reale 40,000, sarafu za fedha za enzi hizo, kila mwaka. Basi ndugu wakawa nchi mbili. Baada ya mapinduzi ya 1964 wengi wakatawanyika, na Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970 akawaita watu wa Oman waliokuwa nje warudi wajenge. Waliotoka Afrika Mashariki walikuja na elimu na Kiingereza wakaingia maofisini, na nyumbani wakaendelea na Kiswahili. Ndo hao na wajukuu wao. Vijana wengi wanakisikia lakini wanajibu kwa Kiarabu, kwa hiyo we tafuta wenye mvi.

Usianze kwa kuuliza "unajua Kiswahili?" maana wengine wana historia zao na hilo jina la Uzanzibari wanaloitwa waliorudi kutoka Afrika Mashariki, wapo wanaojivunia na wapo wanaoona wanatengwa nalo. Toa salamu kama kawaida, afu ongea na mwenzako kwa sauti ya kawaida tu. Wakikisikia watakuja wenyewe.

Na kwa ajili ya babu yako fanya hivi. Mwambie dereva akupeleke kwenye mzunguko wa karibu na hoteli ya Al Bustan, pale wameweka jahazi linaloitwa Sohar. Lilijengwa mji wa Sur na likaondoka Maskati mwisho wa 1980 likafika Canton kule Uchina katikati ya 1981, na halina msumari. Mbao zimeshonwa kwa kamba za kumbi. We ni mtu wa Lamu, ukilitazama utamwona mtepe, lile jahazi letu la kale la kushonwa, sina haja ya kukueleza. Wengine kwenye basi la meli watapiga picha dakika mbili waondoke, we zunguka ubavuni uangalie mishono.

Halafu kitu kingine nimekifikiria wakati nakujibu. Meli hizi za kitalii zinamaliza msimu mwezi wa nne, joto linapoingia. Babu yako mwezi huo huo wa nne ndo alikuwa anangoja kusi lianze kuvuma atweke tanga kwenda huko. Muulize mama yako kama anakumbuka babu alikuwa anawaletea nini akirudi na kaskazi, uniandikie.